Gunia Lililoendesha Trekta Siku ya Wazazi

Mpaka leo saa nne asubuhi nilikuwa naamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba hapa Korogwe kuna trekta la kukatia nyasi linalomtambua mwenyewe kwa makalio.

Msicheke bado. Subirini mwishoni, mtacheka kwa nafasi.

Leo nimeumbuka, jamani. Nimeumbuka mbele ya wazazi elfu moja (haya, mia moja na kitu, lakini kila mmoja alikuwa na macho ya watu kumi). Nawaandikia nyie wenzangu wa darasa la jioni kwa sababu mnanijua. Mnajua nilivyokuwa nafyeka nyasi mchana kutwa, jioni nakuja kusinzia juu ya fizikia. Nataka mlisikie kutoka kwangu kabla hamjalisikia kwa Chande wa bajaji. Chande atawaambia nimemezwa na trekta nikatemwa Mombo.

Tuanze mwanzo.

Mwaka wa tatu huu mimi ni kibarua kwenye sekondari moja ya wasichana hapa mjini (jina naliacha, Madam Mkuu ana masikio hata humu kwenye kundi). Kazi yangu ni fyekeo. Mvua ikinyesha nafyeka, jua likiwaka nafyeka. Viganja vyangu vimekuwa kama ngozi ya kenge. Nikimshika mtoto shavu analia.

Na wakati wote huo, kwenye stoo ya shule, kulikuwa na trekta dogo la kukatia nyasi, jekundu lililopauka, na kiti kabisa cha kukalia! Dereva wake alikuwa Mzee Mhando. Mwaka jana alistaafu akarudi kwao Handeni kulima mahindi na kufuga mbuzi. Tangu aondoke, hakuna aliyeligusa. Limelala kiangazi chote, kuku wa mlinzi wanatagia juu ya boneti.

Kwa nini hakuna aliyeligusa? Ndiyo huo uvumi wenyewe. Nilipewa na Chande, naye alikula kiapo kwa bajaji yake.

"Lile trekta limezindikwa, Mihayo. Mzee Mhando kalizindika kwao Handeni. Kuna mwizi aliingia, akaliwasha vizuri, akainuka aende kufungua geti. Likazima! Akakaa, akaliwasha. Akainuka, likazima! Walinzi wamemkuta bado anakaa na kuinuka, jasho linamtoka, analia anaomba akamatwe."

"Linajuaje kama si mwenyewe?"

"Kwa makalio. Linamjua Mzee Mhando kwa makalio."

Mtu aliyesoma angeuliza swali la pili. Mimi niliyesoma nilisema, "Duh!"

Basi, masika yameanza. Nyie mnajua nyasi za Korogwe zikionja mvua. Jumapili ziko kwenye kifundo cha mguu, Jumatano zinakuuliza unakwenda wapi. Jumatatu hii Madam Mkuu akaniita ofisini. Madam ni mwanamke mfupi, mpole, na walimu wote wanamwogopa kama radi.

"Mihayo, Siku ya Wazazi ni Jumamosi. Kwa fyekeo uwanja hautaisha. Unaweza kuliamsha lile trekta?"

"Madam," nikasema, kifua mbele, "mimi nimesoma fizikia."

(Nilipata D. Lakini D ni kufaulu, na atakayebisha aanze kwa kutaja aliyoipata yeye.)

"Vizuri. Uwanja ukiwa umekatwa, barua yako ya ajira ya dereva nitakukabidhi Jumamosi, mbele ya wazazi. Ukishindwa, kuna kijana yuko Mombo, ana leseni na uzoefu. Nitamwita yeye."

Barua ya ajira! Jamani, miaka mitatu nimeitwa "wewe wa fyekeo." Mama mkwe wangu akiulizwa kazi yangu anasema "yuko shuleni" halafu anabadilisha mazungumzo haraka. Nikatoka ofisini nikiwa tayari nimeshakuwa dereva. Hata mwendo nikaubadilisha.

Nikaingia stoo. Nikawaomba kuku wapishe. Mmoja akagoma, nikamhamisha na mayai yake kwenye ndoo kwa heshima zote.

Sasa nisikilizeni nilivyoandaa mashine, kwa sababu hapa sikukosea (karibu hapa pote). Petroli ya mwaka jana niliitoa yote, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya msibani. Oili nayo nikaimwaga kwenye dumu, nyeusi, nzito, nikaweka mpya. Plagi nikaifungua, nikaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Chujio la hewa lilikuwa na ukoo mzima wa nyigu, tukaelewana kwa kukimbia: walikimbia wao kidogo, nilikimbia mimi sana. Visu viwili vya chini nikavifungua, nikavipiga tupa siku nzima. Mwanzoni visingekata uji. Nilipomaliza, mlinzi aliviomba akachinjie kuku yule mgomvi. Tairi nikazijaza kwa pampu ya baiskeli. Grisi kila panapozunguka.

Palibaki sehemu mbili.

Ya kwanza ni breki. Lile trekta, ukikanyaga pedali, kuna kikulabu cha chuma kinachoishika isirudi juu, ili trekta litulie bila kutoa gia; pedali ikirudi juu, linaondoka. Kikulabu kilikuwa kimelika. Fundi angekitengeneza kwa nusu saa. Mimi nilikata kipande cha mpira wa baiskeli nikaifunga pedali nao. Nikauvuta, ukakaza. Kwenye daftari langu nikaandika kwa mwandiko mzuri: BREKI, TAYARI.

(Huo mpira uwekeni akilini.)

Ya pili ni kiti. Kiti kilikuwa kimeshatafunwa na panya zamani, kikatiwa kiraka cha mfuko wa unga na kushonwa kwa uzi wa bluu. Nilicheka ile mishono. Nikakiinua nione kama panya bado wanaishi. Jamani! Chini ya kiti nikakuta kitu cheusi, kidogo kama kiberiti, kimezungushiwa utepe mwekundu.

Ile hapo. Hirizi yenyewe!

Tena ilikuwa na waya mbili zinazotoka ndani yake na kupotelea kwenye injini. Sasa mtu aliyesoma fizikia, hata ya D, akiona waya mbili anatakiwa afikirie nini? Mimi nilifikiria hivi: kumbe hata uganga umefikiwa na umeme wa vijijini. Nikasema Bismillahi, nikasema na kwa jina la Yesu (shule yetu ni ya dini zote, sikutaka kumwudhi mtu), nikakirudisha kiti polepole kama mtu anayefunika uji wa moto.

Betri ilikuwa imekufa. Nikamwita Chande alete bajaji, tukaunganisha waya kutoka betri yake. Nikakaa kitini. Nikakanyaga pedali. Nikazungusha ufunguo.

Likawaka! Moshi, mngurumo, kuku wanatawanyika, mimi nimekaa juu kama mfalme! Nikainuka kumpungia Chande mkono.

Likazima.

Tukatazamana. Nikakaa, tukabusti tena, likawaka. Nikainuka kidogo tu, kama mtu anayetaka kujikuna. Likazima.

"Nilikwambia!" Chande alishaanza kuchomoa waya zake. "Linakukataa! Makalio siyo yenyewe!"

"Labda ni betri."

"Betri inajuaje kama umeinuka?"

Swali gumu hilo. Mpaka leo sijaulizwa swali gumu namna hiyo, hata kwenye mtihani wa taifa.

Na mwone lilivyo tatizo. Uwanja wa shule una mawe, una makopo, una viatu vya wasichana visivyo na wenyewe. Dereva lazima ashuke kuviondoa. Kila nikishuka linazima, na likizima haliwaki bila bajaji ya Chande. Chande ana abiria wake, hawezi kunifuata uwanjani kama mke. Kwa hiyo bila kumaliza lile zindiko, uwanja haukatwi. Uwanja usipokatwa, barua inakwenda Mombo.

Jumatano asubuhi nikanunua sukari na majani ya chai, nikapanda basi la Handeni kwenda kuomba radhi.

Hapa niwakumbushe kitu. Mimi ni Mnyamwezi. Babu yangu alikuja huku kukata mkonge, akasahau njia ya kurudi Tabora. Mzee Mhando ni Mzigua. Na Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akalala kwenye mkeka akajifanya yeye ndiye maiti, na wewe huruhusiwi kununa. Neno la mtani unalipokea kwa mikono miwili na kulipima kwa mizani mitatu. Nimefundishwa hilo tangu naota meno. Siku hiyo nililisahau nyumbani pamoja na mwavuli.

Nilimkuta uani anawapa mbuzi pumba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mnyamwezi, umekuja kutafuta mizigo ya kubeba? Huku tunatumia pikipiki siku hizi."

"Hapana, Mzee. Nimekuja kuomba radhi ya trekta."

Akaacha kumwaga pumba. "Radhi ya nini?"

Nikamweleza yote: linavyowaka, linavyozima nikiinuka, Chande alivyosema. Mzee akainamisha kichwa. Mabega yakawa yanatikisika. Nikajua mizimu imempanda. (Sasa hivi najua ni nini kilikuwa kimempanda.)

"Umeona kitu chini ya kiti?" akauliza, bado kainama.

"Nimekiona, Mzee. Kina utepe mwekundu. Sikukigusa."

"Na waya?"

"Mbili."

"Ahaa. Wengine hawazioni."

Nilijisikia mteule! Ndani ya nyumba mkewe akaanza kukohoa, kikohozi kibaya, cha kujibana. Nikamwambia kwa sauti, "Pole na kikohozi, Bibi!" Ndiyo kwanza kikazidi.

"Sikiliza, Mnyamwezi," Mzee akasema, uso mkavu kama wa hakimu. "Lile trekta halipendi kuachwa peke yake. Linataka mtu juu. Ukitaka kushuka, liachie mtu."

"Mtu gani, Mzee?"

"Gunia la mchanga. Zito kama wewe. Nyie Wanyamwezi ni wepesi, debe moja linatosha. Halafu ulivishe kofia yako."

"Kofia?"

"Lisije likajua. La pili, kabla hujashuka uliamkie, kwa sauti."

"Niseme shikamoo?"

"Kwani ulitaka uliambie mambo? Ni rika lako? La tatu ndilo kubwa. Ukishashuka, usigeuke nyuma mpaka umalize ulichoshukia. Hata ukiitwa."

"Hata nikiitwa na Madam?"

"Hasa na Madam."

Mkewe akatoka ndani na kanga mdomoni, akakimbilia nyuma ya nyumba. Nikamwonea huruma. Nikamshauri Mzee ampeleke hospitali.

Alhamisi nikafanya jaribio. Kumbukeni, mimi ni mtu wa sayansi! Nikajaza debe la mchanga kwenye gunia, nikalishona mdomo. Chande akabusti. Nikakaa kitini nimelipakata gunia mapajani kama bibi harusi. Nikauvuta mpira kwenye pedali. Nikajitelezesha pembeni, gunia likakaa mahali pangu, nikalivika kofia, nikasema, "Shikamoo!" nikashuka.

Likaendelea kunguruma!

Nikarudia mara tatu. Mara tatu likaendelea kunguruma! Chande akashika kichwa. Nami nikaandika daftarini: ZINDIKO, TAYARI.

Alhamisi na Ijumaa nilikata uwanja kwa raha ambayo sijawahi kuipata. Jiwe likitokea, nafunga pedali, nazima visu, naweka gunia, kofia, shikamoo, nashuka, natoa jiwe, narudi. Wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanasimama madirishani kunitazama. Nilidhani wananistaajabia. Mama Neema, mpishi wa shule, mama wa Kisambaa kutoka Magoma, asiyependa maneno mengi, alipita na kuni kichwani akaniuliza:

"Baba, hilo gunia la nini?"

"Mama, haya mambo ya kitaalamu."

Akanitazama. Akatazama gunia. Akaenda zake.

Jamani, kwa nini hakusimama? Kwa nini mimi sikunyamaza?

Tumefika leo.

Ijumaa jioni nilikuwa nimebakiza mkanda mmoja tu wa nyasi, kutoka golini mpaka karibu na turubai la wageni. Ningeweza kuumaliza. Niliuacha makusudi (ndiyo, nakiri). Nilitaka wazazi wanione. Nilitaka mama mkwe, ambaye ana mtoto wa dada yake pale, anione nikiwa kitini, nimekalia kazi yangu.

Saa tatu na nusu wazazi wamejaa. Wametoka Mashewa, wametoka Magoma, wengine Handeni kabisa. Turubai limesimama, viti vimepangwa, meza kuu ina kitambaa chekundu na maua ya plastiki. Nyuma yake kidogo, chini ya kibanda cha mabati, Mama Neema ana sufuria tatu za pilau ambazo harufu yake ilikuwa inafundisha dini. Madam Mkuu amesimama karibu na meza, gauni la kijani, mkononi bahasha nyeupe. Niliiona bahasha ile kutoka golini. Ningeiona hata kutoka Tabora!

Nikaanza kukata. Polepole, gia ya kwanza, mgongo umenyooka, gunia mapajani. Wazazi wakageuka. Mama mkwe akamgusa jirani yake akaninyooshea kidole. Furaha niliyokuwa nayo ingeweza kuwasha taa za uwanja.

Nimebakiza kama hatua ishirini kufika turubai, naona benchi la wanakwaya mbele yangu. Mtu kaliacha katikati ya njia. Hakuna shida! Nikakanyaga pedali. Nikavuta mpira. Nikazima visu na kuviinua juu (hilo nashukuru Mungu nililikumbuka, na kwa hilo tu nastahili sifa). Nikaliketisha gunia, nikalivika kofia. Kisha, kwa sauti ya kusikika mpaka meza kuu:

"SHIKAMOO!"

Wazee kumi na kitu wakaitikia "Marahaba." Nikawapungia mkono, nikashuka, nikalipa trekta mgongo, nikaliendea benchi.

Sasa mpira. Mpira wa baiskeli ukivutwa siku tatu mfululizo, na chini yake kuna injini inayotetemeka, unafanya nini? Hilo nalo ni fizikia. Nadhani siku tulipofundishwa ndiyo siku niliyosinzia.

Nikasikia "pwaa!" kidogo nyuma yangu. Sikugeuka.

Mngurumo ukabadilika. Sikugeuka.

"Mihayo!" Sauti ya Chande, kutoka getini. "Mihayo, geuka!"

Nikatabasamu. Mzee alisema hata nikiitwa. Nikaliinua benchi begani.

"Mihayo!" Hii ilikuwa ya Madam. "Mihayo, nyuma yako!"

Hasa na Madam! Nikamsifu Mzee Mhando kimoyomoyo kwa jinsi anavyojua mambo. Nikaenda na benchi langu taratibu mpaka kwenye mti, nikalitua, nikalipangusa vumbi. Ndipo nikageuka.

Trekta halipo.

Trekta liko mbele kule, linakwenda zake! Linatembea mwendo wa bibi anayetoka kliniki, bila haraka, bila wasiwasi, na juu yake gunia limekaa wima na kofia yangu, linayumba kidogo kushoto, kidogo kulia, kama dereva mzoefu anayewasikiliza abiria.

Wakati huohuo mgeni rasmi alikuwa anaingia. Mama mmoja mtu mzima, miwani mikubwa, alisoma pale zamani. Akaliona trekta linamjia. Akalitolea tabasamu. Akalipungia mkono!

Gunia likatikisa kichwa.

Na mwalimu wetu aliyeshika kipaza sauti, ambaye asubuhi nzima alikuwa anatafuta cha kusema, akasema, "Wazazi wapendwa, tumpigie makofi dereva wetu kwa nidhamu aliyonayo!"

Wakapiga makofi! Nawaambia ukweli, walipiga makofi. Mama mkwe alipiga na vigelegele.

Nikaanza kukimbia. Sasa mtu anayekimbiza trekta anapaza sauti aseme nini? Mwenye akili angesema "Simama!" au "Wazazi, ondokeni!" Mimi nilikuwa nakimbia nikipiga kelele:

"Shikamoo! Shikamoo Mzee! Shikamooo!"

Hapo ndipo wazazi waliponiona chini na dereva juu. Makofi yakakatika. Mama mmoja akasema, "Sasa yule pale ni nani?" na swali lile likatembea viti vyote. Kisha viti vikaanza kuanguka. Sijui nani alitaja neno jini, ila alilitaja kwa sauti. Wanakwaya wakapita kulia, watoto wa kaswida wakapita kushoto, mgeni rasmi akanyanyuliwa na walimu wawili kama kabati. Trekta likanasa kamba ya turubai, likaivuta, likaing'oa, turubai likalala taratibu juu ya meza kuu kama ng'ombe aliyechoka. Likapita na kitambaa chekundu, kikaning'inia shingoni mwa gunia. Sasa gunia lina kofia na skafu!

Na mbele yake, moja kwa moja, sufuria tatu za pilau.

Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma. Pumzi imekwisha, kandambili moja sijui iko wapi. Nikaona pilau la watu mia moja na kitu linakwenda kukanyagwa kwa jina langu.

Mama Neema hakukimbia. Alitoka kibandani na mwiko mkononi, akalisubiri trekta limfikie, akasogea pembeni hatua moja, akalisindikiza kidogo kama mtu anayemsindikiza mgeni. Kisha akalishika gunia kwenye skafu akalivuta.

Gunia likaanguka. "Puu."

Trekta likazima. Papo hapo. Shubiri moja kutoka sufuria ya kwanza.

Mchanga ukawa unamwagika kutoka kwenye gunia, na kila mtu pale alikuwa anausikia.

Madam Mkuu akajitoa chini ya turubai. Ua moja la plastiki limemkaa kichwani, hakuna aliyethubutu kumwambia. Bahasha bado anayo. Akaja akasimama kati yangu na gunia.

"Mihayo. Nani alikuwa anaendesha?"

"Gunia, Madam."

"Barua hii imeandikwa 'dereva'. Nilichokiona mimi, aliyekuwa akiendesha ni huyu." Akalinyooshea gunia bahasha. "Nimkabidhi yeye?"

Nikasikia kicheko cha kwanza. Kilitoka kwa mama mkwe. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Walicheka mpaka waliokimbilia barabarani wakarudi kuuliza. Mgeni rasmi alivua miwani akafuta machozi. Kwenye hotuba yake alimtaja dereva mara nne, na hakuwa ananisema mimi.

Madam peke yake hakucheka. Akaiweka bahasha kwenye mkoba wake, zipu ikafungwa, moyo wangu nao ukafungwa humo.

"Uwanja umekatwa vizuri," akasema. "Hilo nimeliona, na neno langu sijalisahau. Lakini siwezi kumpa mtu mashine asiyoijua. Jumatatu saa mbili uje ofisini, breki ikiwa imeshatengenezwa na fundi, uniambie kwa maneno ya mtu aliyesoma kwa nini trekta lile linazima dereva akiinuka. Ukijua, barua yako hii hapa. Usipojua, nampigia simu wa Mombo."

Nikaenda kukaa nyuma ya kibanda cha pilau, juu ya dumu, mguu mmoja hauna kiatu. Nikampigia Mzee Mhando. Nilimweleza mpaka kwenye skafu. Nilisikia simu ikianguka, nikasikia mbuzi, nikasikia yule mkewe mwenye kikohozi akiuliza, "Amefanya kweli? Na kofia?" Halafu Mzee akarudi, sauti imekwisha kabisa.

"Mnyamwezi," akasema, "nilidhani utafika stendi ya Handeni utashtuka, utanirudia kunitukana. Nilikusubiri mpaka jioni na chai yako."

Akakata kwa kicheko. Na mimi siruhusiwi kununa! Ndiyo sheria ya watani. Nimekaa pale nimekatazwa kununa, na ndicho kitu pekee nilichokuwa nakihitaji.

Mama Neema akaja na sahani ya pilau, akanikabidhi. Juu akanipa na kofia yangu, ameshaikung'uta.

"Kula, baba."

"Mama, wewe ulijuaje? Ulijuaje kwamba ukilitoa gunia litazima? Nani alikupa dawa?"

Akanitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe. Wenzangu, tafadhali, mkicheka chekeni kwenu, msiniletee hapa kwenye kundi. Nina mpaka Jumatatu saa mbili, na haya ndiyo maneno nitakayokwenda kumwambia Madam, nimeyaandika daftarini neno kwa neno kama Mama Neema alivyoyasema:

"Dawa gani? Mimi ndiye niliyekishona kile kiti. Chini yake kuna swichi. Mtu akikaa inabonyea, injini inawaka. Akiinuka inaachia, injini inazima, ili trekta lisiende bila mtu."